Wewe ndiye waya: kompyuta iliyojificha kwenye mita ya LUKU

Mama mwenye nyumba wangu amepita miaka sabini na hajawahi kukaa mbele ya kompyuta. Mwaka juzi aliniuliza swali la kompyuta ambalo hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuniuliza.

Nilimkuta barazani, simu mkononi, miwani imeshuka mpaka ncha ya pua, anamsomea mjukuu wake namba za LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, nne nne. Mjukuu kapanda stuli, anabonyeza. Mita ikalia pii, sebuleni feni ikaanza kuzunguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie wewe unayejua haya mambo. Hii mita haina laini, wala haina bando. Imejuaje kwamba nimelipa?"

Nikamjibu kivivu: "Ni mfumo tu, mama." Akanitazama vile wazee wanavyomtazama mtu aliyesoma bure. Nimetengeneza vifaa vidogo vya kielektroniki kwa miaka kumi na mbili, jioni nafundisha vijana kazi hiyo hiyo, na bado pale barazani sikuwa na jibu la kumpa. Naliandika hapa. Na kwa kuwa jibu lenyewe linapita katikati ya kazi yangu, yaani kompyuta zinazoishi ndani ya vitu vingine, nitakutembeza humo njiani.

Barua yenye kufuli

Zile tarakimu 20 si namba ya risiti. Ni barua fupi iliyofungwa kwa kufuli. Ndani yake mna kiasi cha umeme ulionunua, dakika ambayo barua iliandikwa, kinamba cha kubahatisha, na alama za kukagua kama kuna tarakimu iliyokosewa. Kwa lugha ya mashine, ile ya sifuri na moja, barua nzima ni biti 66, yaani sifuri na moja 66. Ukizigeuza biti hizo kuwa namba za kawaida haziwezi kuzidi tarakimu 20, ndiyo maana mjukuu anabonyeza mara 20, si 15 wala 30.

Kufuli lenyewe ni hesabu. Kila mita ina ufunguo wake wa siri, uliokokotolewa kutokana na namba ya mita na taarifa nyingine chache. Kompyuta ya muuzaji inaweza kuukokotoa ufunguo huo. Mita nayo inao tumboni. Ukiingiza namba za jirani kwenye mita yako zinakataliwa, kwa sababu ufunguo wako ukizifungua unakuta takataka. Na namba ulizotumia jana hazikubali leo, kwa sababu mita inakumbuka dakika za barua zilizokwisha kupita.

Kwa hiyo, mama, mita haikujua kwamba umelipa. Imepokea barua, imeona inafunguka kwa ufunguo ambao hakuna mwingine anao isipokuwa muuzaji, ikaamini. Haikumpigia mtu simu. Waya uliounganisha kompyuta ya muuzaji na kompyuta ya ukutani ulikuwa wewe na mjukuu wako.

Utaratibu huu ulizaliwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, na leo unatumika katika nchi nyingi, ikiwemo Kenya ambako watu huziita namba hizo tokeni. Kinachonivutia mimi ni ubahili wake. Nafasi ya kuandikia dakika ni biti 24 tu. Wabunifu walianza kuhesabu tarehe 1 Januari 1993, na biti 24 zinabeba dakika 16,777,216, basi. Piga hesabu, utaangukia tarehe 24 Novemba 2024. Siku hiyo hesabu ya dakika ilikuwa inajaa na kurudi sifuri, kama kilomita za gari kuukuu, na barua mpya zingeonekana za kale. Ndiyo sababu ya lile zoezi la mwaka 2024 la kuingiza mafungu ya ziada ya tarakimu 20 kabla ya umeme wenyewe. Yale mafungu hayakuwa na umeme hata kidogo. Yalikuwa maagizo ya kubadilisha ufunguo na kuanza kuhesabu upya kutoka mwaka 2014, jambo linalotupa nafasi mpaka mwaka 2045. Mamilioni ya watu waliofanya kazi hiyo kwa vidole vyao, wengine juu ya stuli, hawakuambiwa kwamba wanarekebisha kompyuta. Ofisini kwetu kazi hiyo ina jina na ina mshahara.

Kabla hatujaondoka ukutani: usoni mwa mita kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na karibu yake pameandikwa kitu kama 1600 imp/kWh. Maana yake kikipepesa mara 1,600, uniti moja imeliwa. Zima kila kitu, chomeka pasi peke yake, na wakati taa ya pasi bado inawaka hesabu mapepeso ya dakika moja. Pasi ya wati 1,000 itakupa 26 au 27. Nyuma ya kitaa hicho kuna chipu inayopima volti na mkondo mara nyingi mno kila sekunde, inazizidisha, inajumlisha, inakukata uniti. Zamani kazi hiyo ilifanywa na kisahani cha alumini kilichokuwa kikizunguka nyuma ya kioo. Kompyuta ikaja ikakaa mahali pa kisahani, na sikumbuki kuona mtu akimuaga mmoja wala kumkaribisha mwingine.

Aliyetaka kompyuta zisionekane

Mtu aliyeipa hali hii jina ni Mark Weiser, aliyekuwa mtafiti katika maabara ya Xerox PARC huko Palo Alto, California. Mwaka 1988 alianza kuzungumzia kile alichokiita kwa Kiingereza ubiquitous computing, jina lenye asili ya neno la Kilatini ubique, yaani kila mahali. Kiswahili chake bado kinanisumbua. Mimi nasema kompyuta za kila mahali, na mwanafunzi wangu mmoja kutoka Mombasa anasema hilo ni jina la duka. Huenda. Akipata bora zaidi nitalitumia.

Mwezi Septemba 1991 Weiser alichapisha makala katika jarida la Scientific American, na hoja yake kuu ni rahisi kuieleza na ngumu kuitekeleza: chombo kikikomaa kweli, hukioni tena. Alitoa mfano wa mota. Kiwanda cha zamani kilikuwa na injini moja kubwa, na mashine zote zikavutwa na mikanda kutoka kwake. Hili halinihitaji nilifikirie. Nimekulia karibu na mashine ya kusaga, dizeli moja, mkanda mrefu unaopiga kelele, na sisi watoto tukikatazwa kuukaribia. Baadaye mota zikawa ndogo na rahisi, zikatawanyika. Sasa iko moja ndani ya feni, moja ndani ya blenda, kadhaa ndani ya mlango wa gari, na moja ndogo kabisa ndiyo inayoitetemesha simu yako. Nani anasema anakwenda kutumia mota? Unasema unasaga nyanya.

Kompyuta nazo, kwa maono yake, zingepita njia hiyo. Kwanza kompyuta moja ya watu wengi, ile ya chumba kizima. Halafu kompyuta moja ya mtu mmoja, mezani. Halafu kompyuta nyingi zinazomzunguka mtu mmoja bila yeye kuzihesabu. Na hakuishia kwenye kuandika. Yeye na wenzake walitengeneza vifaa vya saizi tatu: vya kushika kiganjani, vya ukubwa wa daftari, na vya ukubwa wa ubao wa darasani. Aliwaza chumba kimoja chenye zaidi ya mia ya vile vidogo, kumi hadi ishirini vya daftari, na ubao mmoja au mbao mbili.

Kuna jambo katika ndoto hiyo ambalo watu wanalipita haraka. Vifaa vya saizi ya daftari havikupaswa kuwa vya mtu. Vilikuwa kama makaratasi ya rafu mezani: unachukua kilicho karibu, unaandika, unakiacha, mwingine anakichukua. Sisi tulifanya kinyume chake kabisa. Tumechukua kila kitu tukakikusanya kwenye simu moja, yenye nywila, alama ya kidole na picha ya mwenyewe, tunalala nayo chini ya mto. Watu wakiniuliza kama simu janja ndiyo kompyuta ya kila mahali, ninasema hapana, na huwa wanashangaa. Simu iko kila mahali, lakini haijasahaulika hata dakika moja. Inalia, inatetemeka, inawaka, inadai. Mita ya mama imekaa ukutani miaka na miaka na hudai mara moja tu, umeme ukikaribia kwisha. Kwa kipimo cha Weiser, mita imeizidi simu mbali sana.

Yeye mwenyewe aliliona tatizo hilo mapema. Miaka ya katikati ya 1990, pamoja na John Seely Brown, aliandika kuhusu teknolojia tulivu, na mfano alioupenda ulikuwa uzi. Msanii Natalie Jeremijenko alining'iniza darini pale PARC uzi wa plastiki wenye urefu wa futi nane, akaufunga kwenye mota ndogo iliyounganishwa na waya wa mtandao wa ofisi. Kila taarifa iliyopita kwenye waya iliushtua uzi kidogo. Mtandao ukiwa umepoa, uzi unatikisika kila baada ya sekunde kadhaa. Mtandao ukichachamaa, uzi unazunguka kama kichaa na kuvuma. Hakuna aliyefungua programu kuangalia hali ya mtandao. Mtu alikuwa anakunywa kahawa yake na anajua. Weiser alifariki mwaka 1999, kabla hajaona tulivyoishia na vijidoti vyekundu vya taarifa.

Turudi nyuma kidogo, karibu na mwaka 1990: ng'ambo ya bahari, Cambridge nchini Uingereza, maabara ya Olivetti ilikuwa na jaribio lililonifundisha upande mwingine wa jambo hili. Roy Want na wenzake walitengeneza beji ya kuvaa kifuani iliyotoa mwako wa infraredi, mwanga ule ule wa rimoti ya televisheni, kila sekunde 15. Kila mwako ulikuwa na namba ya mvaaji. Vipokezi vilivyobandikwa vyumbani vilisoma namba, na mtu wa mapokezi akajua simu ya nani aipeleke chumba gani. Werevu wa beji ulikuwa kwenye udhaifu wake. Infraredi haipenyi ukuta, kwa hiyo ikionekana chumbani, umo chumbani. Lakini fikiria uko upande wa anayeonekana. Leo tuna vifaa vya kufuatilia magari na bodaboda vinavyofanya kazi ile ile kwa setilaiti, na swali la watu wa Cambridge halijazeeka: nani anaangalia, na unaweza kuivua?

Tanki la mama

Nadharia inatosha. Mwaka jana niliamua kulipa deni la lile jibu la kivivu. Mama ana simtanki la lita 2,000 juu ya mnara wa zege nyuma ya nyumba, na dalili pekee ya kwamba maji yameisha ilikuwa bomba kukohoa wakati mtu ana sabuni usoni. Nikasema nitalitia akili. Karibu kila tekinolojia inayobeba kompyuta za kila mahali ilinipitia mikononi katika kazi hiyo, na karibu kila moja iliniaibisha.

Ubongo haukuwa shida. Siku hizi chipu ndogo yenye prosesa, kumbukumbu na redio ndani yake, kama ESP32 ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, naipata Kariakoo kwa bei ya kuku wa kienyeji. Ina prosesa mbili, kila moja ikipiga mpaka mara milioni 240 kwa sekunde, na WiFi na Bluetooth zimo. Hapa ndipo ndoto ya 1991 ilipotimia bila mjadala: ubongo umekuwa rahisi kiasi cha kuutupa ndani ya kitu chochote. Kwa kazi ya tanki ni kama kumwajiri profesa akuhesabie mayai.

Shida ilianza kwenye kihisi. (Wengine husema sensa, lakini Mtanzania ukimwambia kuna sensa kwenye tanki atakuuliza anahesabiwa nani.) Nilitumia kihisi cha sauti, kinachofanya kama popo: kinapiga mlio ambao sikio halisikii, mlio unagonga maji, unarudi, nacho kinapima muda. Maji yakiwa mita moja chini, mwangwi unarudi baada ya takriban sekunde sita za elfu moja. Darasani ni somo la nusu saa. Juu ya mnara, saa nane mchana, hewa ndani ya plastiki nyeusi inachemka, na sauti hukimbia zaidi kwenye hewa ya moto. Kati ya nyuzi 25 na 40 tofauti ni kama asilimia mbili na nusu. Maji yale yale yalikuwa yanashuka asubuhi na kupanda mchana kama bahari ya Kigamboni. Nikaongeza kihisi cha joto, nikarekebisha hesabu. Kisha matone ya alfajiri yakaganda kwenye uso wa kihisi na mlio ukawa unarudi kabla ya kwenda popote. Nikakigeuza kikaegemea kidogo, matone yakawa yanateleza.

Kosa kubwa lilikuwa lingine. Vihisi vya aina ile haviwezi kuona kitu kilicho karibu sana, chini ya sentimita ishirini hivi, kwa sababu bado vinatetemeka kwa mlio wao wenyewe. Nilikifunga kwenye mfuniko. Tanki likakaribia kujaa, maji yakaingia kwenye eneo lile la upofu, kihisi kikatoa namba ya uongo: tanki lipo nusu. Pampu ikatii. Maji yalimwagika mpaka kwenye banda la kuku, na mama hakusema neno, jambo lililokuwa baya zaidi ya kusema. Nilikipandisha kihisi juu ya kibomba kifupi, sentimita thelathini juu ya usawa wa maji ya juu kabisa, na pampu nikairudishia boya lake la zamani la kuikata. Tangu hapo nawaambia vijana: kihisi hakipimi kiwango cha maji. Kinapima muda wa mwangwi, na wewe ndiye unayedai kwamba huo ni maji.

Halafu betri. Juu ya mnara hakuna umeme, kwa hiyo nilitumia betri moja ya lithiamu ya mAh 2,500 (mA, yaani miliampia, ni kipimo cha mkondo wa umeme; mAh ni mkondo huo mara saa). Chipu ikiwa macho na redio imewashwa inakula kama mA 100. Betri ingeisha siku moja na saa moja. Siri ya fani nzima ni usingizi. Chipu inaamka kila dakika 15, inapima, inatuma, ndani ya sekunde tano imelala tena, na usingizini inakula kiasi kidogo mno, sehemu ya mia moja ya mA. Nikapiga hesabu: kwa wastani haifiki mA 0.6, betri itaishi miezi sita. Nikamwambia mama miezi sita.

Ilikufa siku ya kumi.

Nilishusha boksi, nikalifungua mezani, nikaweka mita ya kupimia mkondo, nikaiacha chipu ilale. Ilipaswa kusoma karibu na sifuri. Ikasoma mA 10. Chipu ilikuwa imelala kweli; waliokuwa macho ni majirani zake kwenye ubao ule ule. Kulikuwa na kitaa chekundu kidogo cha kuonyesha kwamba umeme upo, kirekebishi cha volti cha bei poa kisichojua kulala, na chipu nyingine ya kuongea na kompyuta kwa waya wa USB ambayo juu ya mnara haina wa kuongea naye. Nikaviondoa. Ubao ukabaki mtupu kama kiwanja. Miezi sita ikawa kweli.

Sasa redio. Hili ndilo eneo linalowachanganya watu wengi kwa sababu majina ni mengi, lakini swali ni moja: unataka kufika mbali, kupeleka data nyingi, au kuokoa betri? Chagua mawili, la tatu utalilipia. WiFi inabeba video lakini inakunywa chaji na haivuki kuta nyingi za tofali. Bluetooth ya matumizi madogo, iliyokuja mwaka 2010, inaishi mwaka mzima kwa kibetri cha saa ila haitoki nje ya chumba kwa raha. LoRa, yenye asili ya Ufaransa, inatambaa polepole mno, maneno machache kwa mara moja, lakini inafika kilomita kadhaa. Mimi nina namba moja tu ya kutuma, asilimia ya maji. Nikahamia LoRa, sekunde tano za kuwa macho zikawa chini ya moja, na betri ile ile iko juu ya mnara mpaka leo.

Ajabu kuliko zote ni kompyuta isiyo na betri kabisa. Kadi ya kugusisha unayoingilia kivukoni Kigamboni ina chipu ndani, haina chaji ya aina yoyote. Kisomaji kinatoa uga wa sumaku, koili nyembamba iliyofichwa ukingoni mwa kadi inauvuna, chipu inaamka, inajibu, inakufa tena. Kompyuta hiyo inaishi nusu sekunde asubuhi na nusu sekunde jioni. Na laini ya simu yako pia ni kompyuta, ina prosesa, ina kumbukumbu, ina ufunguo wa siri usiotoka nje. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, menyu yake ilikaa ndani ya laini, si ndani ya simu, ndiyo maana kitochi cha bei yoyote kiliweza kutuma pesa. Watu waliambiwa wasubiri mapinduzi ya kompyuta, kumbe walishayachomeka nyuma ya betri.

Kifaa chako, kinamtii nani?

Niseme wazi nisichokipenda. Mita, kadi na boksi la sola vinaishi kwako, lakini havikutii wewe. Kampuni kama M-KOPA, iliyoanza kuuza sola za kulipia kidogo kidogo Kenya mwaka 2012, iliweka laini ya simu ndani ya boksi: ukilipa linawaka, usipolipa linafungwa kutoka mbali. Bila kufuli hilo familia nyingi zisingekopeshwa taa. Nakubali. Lakini ni jambo jipya katika historia ya vyombo vya nyumbani. Jembe la mkopo halikuwahi kugoma shambani.

Na kuna kufuli mbovu. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilizunguka kwenye intaneti ikijaribu orodha ya nywila kama 60 hivi za kiwandani kwenye kamera za ulinzi na vifaa vya mtandao. Wenye kamera hawakuwa wamezibadilisha. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo la kamera liliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti, na tovuti kubwa kubwa zikapotea kwa saa kadhaa. Kamera zenyewe ziliendelea kuonyesha picha kama kawaida. Huo ndio upande mchungu wa kompyuta iliyosahaulika: ikiibiwa nayo unasahau. Ninapofunga kifaa kwa mteja kitu cha kwanza ni nywila, kabla ya skrubu. Na nikiweza kukiacha bila intaneti kabisa, nakiacha. Mita ya mama ingeweza kunishauri hilo mapema.

Ndiyo maana tanki halina programu ya simu. Nilikuwa nimeitengeneza, ina grafu na rangi, mama akaifungua mara mbili akaniambia macho yanamuuma. Nikakumbuka ule uzi wa darini. Nikatengeneza boksi dogo la jikoni, kipokezi cha LoRa na taa moja: kijani maji yapo, njano yamefika robo, nyekundu washa pampu. Nikalipigilia ukutani kwa misumari miwili na msumari mmoja ukabaki umechomoza.

Jumapili iliyopita nilipita kusalimia. Baada ya chai nikamuuliza kifaa changu kinaendeleaje.

"Kipi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Kwenye ule msumari alikuwa ametundika kikapu cha vitunguu, na taa ya kijani ilikuwa inachungulia katikati ya ukindu.

"Ah, kitaa. Hicho kipo tu," akasema, akanyoosha mkono akachukua kitunguu.